Kibao Kipya kwenye Njia ya Ng'ombe

Mheshimiwa Oscar Katoo, mwakilishi wetu wa wadi, maafisa wa kaunti mliokuja na magari meupe, mchungaji wetu, wazee, akina mama, wapangaji na wenye ploti wa hapa Kitengela: nawasalimu kwa Kimaasai, sopa. Mimi ni Tabitha, mjane wa Sankale Lemein, na kamati imeniomba nitoe shukrani. Nitazitoa zote.

Kwanza nakushukuru, Mheshimiwa, kwa kukubali barabara hii iitwe jina lako ungali hai. Wengine husubiri wafe, lakini wewe hupendi kucheleweshwa. Lami bado, mitaro bado, taa bado, ila jina limefika, tena kwa rangi ya kijani inayopendeza.

Ndugu wageni, mnajua Barabara ya Oscar Katoo ilitoka wapi? Hapa palikuwa malisho yetu. Mume wangu alipoanza kuuza ploti, alimwambia kila mnunuzi, "Jenga, lakini hapa usiweke seng'enge. Ng'ombe wangu wanapita kwenda bwawani." Mpimaji akamcheka: "Mzee, ploti nzuri hivi unaachia ng'ombe?" Sankale akamuuliza, "Na hawa watu wanaojenga, wakiugua watapitishwa wapi kwenda hospitali?" Hata ile kona ya kwa jirani yetu Muthoki, ng'ombe ndio walioipinda wakikwepa tope. Mheshimiwa alichangia nini siku hizo? Mwenye kukumbuka atusaidie.

Lakini nisiseme uongo, masika yaliyopita alichangia. Gari lake lilizama hapa hapa kwenye udongo mweusi. Nzioka fundi na watu wa bodaboda wakalisukuma, wakajaa tope mpaka hatukujua tena nani ni nani. Mheshimiwa akashusha kioo kidogo, akasema, "Hii barabara sitaisahau." Nani atasema hakutimiza ahadi?

Sasa, chini ya jina lako nimeona kuna kibao kidogo: "Mifugo hairuhusiwi." Hapo nilitafuta kiti nikakaa. Jina la Sankale sikuliomba. Watu wa hapa husema Njia ya Ng'ombe, na hilo lilitutosha. Lakini kwenda bwawani hakuna njia nyingine. Mkiwafungia hapa, itabidi niuze ng'ombe wote alioniachia, na kwangu hiyo ni kumzika mara ya pili. Inaniuma, Mheshimiwa, na sitaficha eti kwa sababu mmetuletea soda.

Nimalizie na ombi. Hili hema zuri mmelisimamisha katikati ya njia, meza kuu ikiangalia bwawani. Hiyo kengele mnayoisikia ni ya ng'ombe wa mbele. Binti yangu Nailantei anawarudisha nyumbani, kama kila jioni. Kibao hawajakisoma. Kwa hivyo, Mheshimiwa, inuka na kiti chako, usogee huku kwenye ua wa Muthoki, na maafisa wakufuate.

Mmenisikiliza kwa heshima, nami nawashukuru. Sasa wapisheni wenye njia.