Bi Mize binti Yahya: Mkunga na Mfupa Wake Mwenyewe

Marehemu Bi Mize binti Yahya alizaliwa Msata tarehe 4 Machi 1947, mtoto wa tatu wa mkulima wa mihogo na ufuta. Alikuwa mdadisi kupita kiasi. Mama yake alisema mtoto huyu hata kuku akichinjwa, lazima achungulie ndani mna nini.

Alisoma chuoni Kurani, kisha shule hapo hapo Msata, na mwaka 1966 akamaliza mafunzo ya ukunga. Kwa miaka thelathini na minane alizalisha katika zahanati ya Mapinga; wengi mnaosikiliza mlipita mikononi mwake. Mwaka 1969 aliolewa na marehemu Ishaka Dadi, fundi cherahani wa Bagamoyo mjini, aliyelalamika hadi mwisho kwamba mkewe huwapima wateja wake nyonga kwa macho kabla yeye hajashika futi.

Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023 alikaa kwenye mbuzi akune nazi, mbuzi ikateleza, akafikia sakafuni kwa makalio. Palipouma ni kinenani. Lakini aliyempeleka hospitali alikuwa Mikdad, mume wa bintiye Hafidha. Daktari alipouliza panapouma, Bi Mize alimtupia jicho mkwewe, akajibu, "Mguu, mwanangu." Mguu ukapigwa picha, ukakutwa mzima. Akarudi nyumbani akalala wiki tatu, akichuliwa mafuta ya nazi kwenye paja lisilo na kosa.

Hafidha alichoka. "Mama, mgonjwa kama huyu angekuja kwako zahanati, ungemfanyaje?"

"Kwanza ningemtoa mkwewe nje," alijibu, akaangua kicheko, kisha akalia.

Picha ya pili ilionyesha mfupa wa kinena umevunjika mahali pawili. Umri ulikuwa umeidhoofisha mifupa yake, ndiyo maana anguko dogo lilitosha. Daktari alisema hahitaji upasuaji: atulizwe maumivu, anywe dawa ya kuimarisha mifupa, na asimamishwe kila siku kwa chuma cha kutembelea, kwani kulala ndiko kungemmaliza. Bi Mize aliuliza jambo moja tu, kama atasali tena amesimama. Kisha akaiinua picha dirishani. "Kumbe ndiyo njia yenyewe! Watoto wote wale, na yangu sijawahi kuiona."

Alianza kwa hatua mbili, meno ameyauma. Baadaye alifika mlangoni, halafu uani. Sala ya Idi ya Aprili 2024 aliisali wima, na familia ililia bila kuona haya.

Januari 2025 alipata homa ya mapafu, akafariki Jumanne asubuhi, tarehe 11 Februari, akiwa na miaka sabini na saba. Siku mbili kabla, alimwita Mikdad. "Wasifu wangu utausoma wewe. Na kinena ukitaje, wenzangu wasije wakaficha kama mimi. Usiniandikie mguu."

Ameacha binti yake Hafidha, wajukuu watano, vitukuu wawili, na mkwewe Mikdad, anayewasomea haya bila kutafuna neno. Mola amkunjulie kaburi lake, apumzike humo kwa amani.