Mnyororo wa Kifaru

Treni ilikuwa imeshaondoka kituoni fundi saa mmoja, kwenye kiti kilichonielekea, alipofungua boksi na kumwonyesha mama aliyekaa naye kifaru cha vita cha mfano, kidogo kama kiatu.

"Minyororo yake ya plastiki nimeitupa, mama. Hii ya chuma nimeiagiza mbali, nikaiunga pingili kwa pingili. Leo kwenye mashindano ya vifaru vya mfano watanikoma."

Mama akavaa miwani taratibu, kama hakimu. "Baba, mimi vifaru nimeviendesha jeshini. Mnyororo hulegea kidogo juu ya magurudumu. Wako umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Ongeza pingili moja."

"Wewe umeviendesha, mimi nimekiunda. Siongezi."

"Haya, majaji watakwambia."

Treni ikasimama. Mama alishuka kwenda kwa wajukuu. Fundi alishuka kwenda mashindanoni, mnyororo ukiwa vilevile, lakini pingili ya akiba aliyoitoa boksini ikiwa mkononi. Mimi nilibaki kwenye kiti changu; sikuwa na wajukuu wala mashindano, sikuwa na pa kushukia.