Siku Mzee wa Kandambili Alipovaa Suti

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu na wanafunzi wa marehemu, familia imemtuma mdogo wake wa mwisho asome historia hii, naye anaomba radhi mapema akikosea mistari, kwa sababu Jumatatu alizungumza na kaka yake kwa simu wakacheka mpaka salio likaisha, na leo anasoma tarehe yake ya kufa. Wapo hapa wanafunzi ambao mpaka jeneza lilipofunguliwa walikuwa wakinong'ona, "Huyu mzee tunamjua, atainuka tu," na sisi wa nyumbani hatuwalaumu, maana hata sisi tulimtazama tukingoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa mchoma chokaa na msuka mikeka, katika kitongoji ambacho vumbi jeupe lilitua mpaka kwenye kope za watoto. Alianza shule ya msingi mwaka 1964, na akiwa darasa la tano alimsindikiza baba yetu, aliyekuwa akikohoa damu, kwenye hospitali kubwa ya mjini, wakakaa kwenye benchi tangu asubuhi, daktari akapita, akamsalimia mwenye viatu vinavyong'aa aliyekuja nyuma yao, kisha akamwambia baba, "Wewe nenda kaoge kwanza." Baba alinyanyuka, akavaa kofia yake, akarudi nyumbani, na hakukanyaga tena hospitali hadi kifua kilipommaliza. Mengi aliyoyafanya marehemu ukubwani yalianzia kwenye benchi lile.

Alijiunga na chuo cha udaktari mwaka 1977, akahitimu mwaka 1982, akafunga ndoa tarehe 6 Agosti 1985 na mkunga aliyemzidi ukali, wakajaliwa mapacha wa kiume mwaka 1987, na binti mwaka 1993, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda mpaka leo ingawa ni daktari mzima.

Mwaka 1989 chuo kilimwajiri kuwa mwalimu, na hapo ndipo visa vilipoanza. Alidai zitengwe nafasi kwa vijana wanaotoka sehemu zisizo na daktari, na kila mwanafunzi aishi muhula mzima kwenye zahanati ya mbali, wenzake wakamwambia viwango vitashuka, naye akauliza ni viwango gani hivyo, ikiwa watu wa ng'ambo ya mto wanakufa kwa kuhara nasi huku tunapeana vyeti. Maji hufuata mkondo, alisema, na daktari naye hubaki alikozoea, basi mzoesheni mapema. Alipigwa chenga kwenye vikao kwa miaka mingi, lakini hakuchoka, na zahanati ya ng'ambo ya mto, ambayo zamani ilijulikana zaidi kwa kufuli lake kuliko kwa dawa zake, ikapata daktari.

Tena alikuwa na mtihani wake usio na tarehe. Alivaa koti kuukuu ambalo mkewe alilitupa mara mbili na mara mbili likarudi, akatia kandambili zisizofanana rangi, akaketi mapokezi ya hospitali ya chuo akikohoa, aone nani atamsemesha. Wanafunzi wakambandika jina la Mzee wa Kandambili, na kwa kuwa hawakujua atakuja lini, wakaanza kumwamkia na kumhudumia kila mzee aliyechakaa, wasije wakaumbuka, hata wagonjwa maskini wakawa wanaulizana adabu hii imetoka wapi.

Mwaka 2016 Kitinda, akiwa mwaka wa nne, alimpita kwenye benchi, simu sikioni, asimtambue baba yake mzazi, na aliporudi akamwambia, "Mzee, hebu sogeza miguu." Marehemu alimrudisha arudie muhula mzima, mama mtu akalia, mapacha wakamwombea mdogo wao msamaha, naye akajibu kuwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Kitinda alirudia, akahitimu mwaka 2018, akaomba kwa hiari yake kwenda ng'ambo ya mto, ambako yuko tangu 2019, lakini baba yake hakuwahi kumwambia kuwa amefaulu, naye hakuuliza, ingawa sote tulijua kwamba ndilo neno alilokuwa akilingoja.

Hapa ndipo tunapotakiwa kusema marehemu alianza kuugua lini, nasi hatuna la kusema. Hakuugua. Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, alikunywa chai, akavaa suti aliyoshonewa kwa harusi ya mapacha, akavuka mto. Mlinzi wa zahanati alipoiona suti alitaka kumpitisha mbele ya akina mama, Kitinda akatoka, akamtazama baba yake kuanzia viatu hadi tai, akajua mtihani umegeuzwa, akacheka.

"Shikamoo baba. Hapa hata suti inapanga foleni. Au unaumwa?"

"Marahaba mwanangu. Mimi mzima, nimekuja kukuona tu."

Akaketi mwisho wa benchi. Zamu yake ilipofika akaitwa, hakuitika, Kitinda akamwita tena huku akicheka, "Baba, basi, nimeshakujua," kisha akamgusa shingoni. Yeye na wauguzi wake walimkandamiza kifua mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Madaktari waliomchunguza wametuambia mshipa mkubwa wa moyo ulipasuka ghafla, na hata angeingia wa kwanza asingepona, tumemweleza Kitinda, anaitikia kwa kichwa tu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi hao, majirani waliotupikia, na walimu wenzake, wakiwemo waliobishana naye miaka yote. Wa mwisho ni mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, aliyevuka mto asubuhi hii kutuletea jambo ambalo Kitinda analisikia sasa hivi pamoja nanyi. Alikaa karibu na marehemu kwenye lile benchi, na Kitinda alipoingia ndani, marehemu alimwinamia akasema, "Umemwona yule daktari? Binti yangu yule. Amefaulu. Ngoja zamu yangu ifike nikamwambie."

Kitinda mwanetu, zamu ilifika yeye akiwa hawezi tena kusema, ndiyo maana tumekuambia sisi. Nawe kaka, ujumbe umefika, pumzika sasa kwa amani.