Nani Arithi "Ukiamka Niite"

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na haya ninayotaka kusema sitaki yawafikie nusunusu. Binti yangu, weka mkoba chini na uvue koti. Umetoka mbali kuja kuniona, basi kaa kama mtu aliyefika, usikae kama anayesubiri basi lake liitwe. Na wewe mwanangu, geuza hiyo simu kifudifudi. Watakaopiga watapiga tena.

Akili yangu ni timamu. Daktari aliniambia neno lake kwa upole, nami nikamwelewa mara ya kwanza. Tangu mama yenu atutoke sijawa na haraka ya kubaki wala haraka ya kuondoka, lakini kuna jambo moja limenikaba kooni, na sitaki kwenda nalo.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu wote wawili, na msiiuze mkiwa na hasira. Subirini hasira iishe, kisha mkitaka muiuze. Vitabu vyangu na vyombo vyangu vya kupimia ardhi vipelekeni chuoni, wapo vijana wanaoazimana darubini moja darasa zima. Gitaa la mama yenu, nguo zake za jukwaani na nyimbo zake zote ni za mwanangu wa kiume, kwa sababu ndiye aliyembebea vyombo tangu hajaota ndevu, ndiye aliyegombana na waandaaji wa maonyesho walipotaka kumpandisha jukwaani mvua ikinyesha, na mama yenu alisema mbele za watu kwamba bila mtoto huyu angekwishaacha kuimba zamani. Nyimbo zote, isipokuwa mmoja.

"Ukiamka Niite" nampa dada yako.

Naona umeinua uso, na dada yako ameinamisha wake. Nilijua itakuwa hivyo. Vumilieni, msinikatize, kwa sababu nikikatizwa sasa sina hakika kama nitapata pumzi ya kuanza upya.

Mwanangu, najua mmezungumza na watu wa studio. Wanataka kuutoa wimbo huo upya, na pale katikati ya kiitikio, pale mama yenu anaponyamaza na vyombo vyote vinanyamaza naye, wanataka kupajaza ngoma. Umenieleza sababu, na si ya kipuuzi. "Baba, vijana wa leo hawasubiri. Ukinyamaza kidogo tu, wameshahamia kwa mwingine." Unaijua kazi yako kuliko ninavyoijua mimi. Ila unajua wimbo huu ulivyoimbwa, hujui ulivyozaliwa.

Na wewe, binti yangu, hutaki hata kuusikia. Ukipigwa kwenye arusi unatoka nje. Ulikuwa msichana wa sekondari siku uliposema mezani, mama yako akiwa na kijiko mkononi, "Mama alizaa wimbo kwanza, mimi nikaja kwa bahati mbaya." Aliendelea kupakua. Nami sikuweza kukulaumu, kwa maana siku unapewa cheti alikuwa ziarani, na ulipougua tetekuwanga shangazi yako ndiye aliyekaa nawe. Hayo ni kweli, na sitayapaka rangi. Lakini mimi ni mpimaji, nimefundishwa kutoandika kipimo ambacho sikukipima, na nakuambia kwamba kwa mpangilio wa mambo umekosea. Wewe ndiye uliyetangulia.

Tulikuwa tumehamia mjini, mimi mwanafunzi, mama yenu mshonaji. Hatukuwa na ndugu karibu wala jirani tuliyemzoea vya kutosha kumwachia mtoto mchanga. Alipata kazi kwenye karakana ya sare za shule: chumba kirefu, cherehani za miguu zimepangwa mstari chini ya madirisha, na mwisho wa chumba kuna stoo ya vitambaa. Sheria ilikuwa moja tu iliyobandikwa ukutani, kwamba watoto hawaruhusiwi. Msimamizi wao walimwita Bwana Pindo, kwa sababu alikuwa akipita nyuma ya kila mmoja na kukagua pindo kwa kidole, na asingeweza kukuambia habari ya asubuhi kabla hajakuambia pindo lako limepinda.

Mama yenu alikuingiza ndani ya kapu la vipande vya nguo. Akakulaza stoo, katikati ya marobota ya kaki na bluu. Wenzake walijua siku hiyohiyo. Hakuna mwanamke asiyemjua mwenzake anayenyonyesha. Tatizo halikuwa macho, tatizo lilikuwa masikio. Cherehani zile zote zikikanyagwa kwa pamoja zilifanya kelele ya mvua kwenye bati, na mtoto angeweza kulia mpaka akakauka hakuna anayemsikia.

Basi wakala njama. Mshonaji wa mwisho, aliyekuwa anashona kola na wao wakimwita Mama Kola, ndiye aliyetoa ishara: kila baada ya muda anakohoa kwa nguvu. Akikohoa, wote wanainua mguu kwenye kikanyagio kwa wakati mmoja, magurudumu yanasimama, na chumba kizima kinasikiliza stoo. Kama kimya, Mama Kola anakohoa tena, wanaendelea. Kama umelia, mama yenu anakumbuka ghafla kwamba uzi wake umekwisha.

Sikuambiwa haya, niliyaona. Siku moja nilimpelekea chakula alichosahau nyumbani, nikiwa bado barabarani nazisikia cherehani, mara zikakatika zote kwa mpigo. Nilidhani mtu ameumia. Nikasukuma mlango kwa nguvu, na nikakuta wanawake wote wamekaa wima, mikono juu ya nguo, mguu mmoja mmoja umening'inia, nyuso zimeelekea stoo kana kwamba kuna mtu huko anataka kuwaambia siri. Hakuna aliyenisalimu. Mama Kola akaninong'oneza bila kugeuka, "Shemeji, funga mlango, unatuingizia barabara." Nikafunga. Tukasikiliza wote. Hukulia. Akakohoa, mvua ikaanza tena, na ndipo wakanisalimu kama watu waliostaarabika.

Bwana Pindo aliwauliza kwa nini wanasimama. Mama Kola akamtazama usoni bila kupepesa akasema, "Mashine zinapumzishwa, Bwana. Hukufundishwa?" Mtu yule akaona aibu kuonekana hajui kazi. Haikupita muda akawa anawaagiza yeye mwenyewe, "Nyie, leo mbona hamjapumzisha mashine?" Nasikia alipohamishiwa karakana nyingine aliupeleka utaratibu huo huko nako, wakapumzisha mashine ambazo hazikuwa na mtoto.

Wimbo ulitoka hapo. Mama yenu alikuwa akiuimba akikanyaga, mstari mmoja kwa kila shati, na mapigo ya wimbo ni mapigo ya mguu wake:

*Ukiamka niite,*
*nisikie ulipo;*
*usiponiita najua*
*bado umetulia.*

Kisha mguu juu, kimya, halafu anarudi. Hakuna aliyekaa kutunga kimya kile. Palikuwa ni pale wanapokusikiliza wewe, na kwa sababu pale ndipo wimbo ulipolazimika kusimama kila siku, wimbo ulikua na nafasi hiyo ndani yake, kama mwili unavyokua na kitovu.

Miaka ilipita kabla hajauimba mbele ya kinasa sauti. Nilikuwepo. Fundi mitambo, kijana mwerevu, alitoa vifaa vya masikioni akasema, "Mama, hapa kati umepotea?" Akamjibu, "Sijapotea, niko palepale." Akasema, "Redioni watu watadhani mitambo imezimika." Mama yenu akasema, "Waache wadhani, watasogea kusikiliza." Nilimtazama mke wangu, mwanamke aliyekuwa anaogopa kuuliza bei dukani, akikataa kuondoa kitu kimoja mbele ya watu waliomshikia riziki yake. Walirudia mara nyingi, kila mara wakimwekea zumari au kinanda hapo, na kila mara akavua vifaa vya masikioni na kusubiri. Wakachoka wao.

Yaliyofuata mnayajua. Watu waliupeleka kwa wapenzi wao, waliachana nao, wakarudiana nao. Na ule mguu aliokuwa akiuinua jukwaani bila kujua, mazoea tu ya kikanyagio, ukawa mtindo. Nimeona uwanja mzima, wanaume wenye vitambi na makoti, wamesimama kwa mguu mmoja kimya wakidhani wanacheza. Nilicheka peke yangu mpaka machozi, kwa sababu nilijua wote wale wanakusikiliza kama umeamka.

Unaniuliza kwa macho kwa nini hakukuambia. Kwanza Mama Kola na wenzake walikuwa bado wanafanya kazi pale, na neno moja gazetini lingewatoa. Baadaye, walipokwisha kuondoka, nilimsihi. Akaniambia, "Nikimwambia leo ataona najitetea. Amekasirika kwa haki yake. Siwezi kwenda kumnyang'anya hasira yake kwa wimbo." Nikamwambia, basi niache nimwambie mimi. Akafikiri, akasema, "Mwambie mimi nikiwa sipo. Atasikia vizuri zaidi, hatakuwa na wa kugombana naye." Nimeishi naye miaka mingi na nimesoma vitabu vingi, sijakutana na mtu aliyejua kupenda bila kudai stakabadhi kama yeye.

Nipeni maji. Kidogo tu. Ahsante.

Haya. Maagizo yangu. Mkataba wa studio usitiwe saini na mtu yeyote ila dada yako. Mwanangu, akikataa usimnunie, na usimtumie watu wa kumshawishi, nakujua. Umsaidie kuelewa karatasi zile kama ungemsaidia mgeni. Binti yangu, sikupi wimbo ili uwe mlinzi wake. Ukiona ngoma ziingie, ziingie, sitafufuka kukuuliza. Ukitaka uendelee kutoka nje ya arusi, toka. Nakupa kwa sababu uliimbiwa wewe kabla haujaimbiwa mtu mwingine yeyote, na mimi siwezi kuandika kwenye ramani kwamba shamba ni la fulani wakati nimeona mwenyewe jiwe la mpaka. Ila usijibu watu wa studio kabla hujausikiliza mara moja, wote, umekaa.

Nizikeni kando ya mama yenu. Upande wa kushoto, maana kitandani yeye alikuwa akilala upande wa kulia. Hotuba ziwe fupi. Shangazi yenu akianza kutia chumvi kuhusu ujana wangu, mwacheni, amezeeka na ni furaha yake.

Msigawane siku za kulitembelea kaburi kama zamu za walinzi. Nendeni pamoja mara moja kwa mwaka, mkagombane huko mkitaka, mradi mrudi katika gari moja.

Mungu awape… awape kazi msiyoionea aibu, na mtu wa kuwasubiri mlangoni. Awape watoto watakaowakasirikia kwa haki na bado waje wakiitwa. Kama ninyi mlivyokuja. Nawaombea… mikono yenu, yote… ndiyo, hivyo. Nawaachia radhi yangu, na ya mama yenu pia, aliniachia niwape.

Nimechoka sasa. Taa iacheni. Mwanangu, jikoni kuna chakula, nenda ukale, hujala tangu asubuhi, nimelisikia tumbo lako.

Mmoja abaki nami. Sichagui.

Ni wewe? Haya, binti yangu. Kaa.