Usingizi wa Bi Hamira

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, fundi sanifu wetu mkuu, Bi Hamira kama tunavyomwita hapa maabara, anastaafu tarehe 30 Juni.

Aliajiriwa kuosha chupa. Miaka mitatu baadaye alikuwa akikuza hamira mwenyewe, na akinusa tu chupa alijua kama chembe zimeshiba. Chumba chake kilinukia mkate ambao hakuna aliyeuoka. Wageni waliingia wakiulizia chai.

Kazi iliyompa jina ni ya kutoa protini zinazopitisha sukari kwenye utando wa chembe ya hamira. Chembe huvunjwa kwa shanga ndogo za kioo, utando hukusanywa, kisha sabuni laini huzitoa protini polepole. Hapo ndipo penye kazi, maana zikitoka vibaya hufa. Tulizipata nyingi, zote maiti, hazipitishi sukari hata kidogo. Mwishowe mkuu wa maabara akasema jaribio moja zaidi likiharibika mradi unafungwa, na Bi Hamira atarudi kwenye chupa zake.

Siku ya jaribio hilo alitia sabuni, akaketi kwenye kiti kando ya mlango wa chumba baridi, koti zito bado mwilini. Maelekezo yalisema dakika ishirini. Alikuja kushtuka jua limeshahama dirisha. Protini zilikuwa hai, zinapitisha sukari kama zilivyozoea nyumbani kwao. Daftarini aliandika muda wa kweli, dakika mia moja na themanini, bila maelezo. Kwa miaka kumi na tisa tumekuwa tukiusifia utaalamu huo. Wiki iliyopita alikiri, huku akijifuta machozi ya kicheko, kwamba alisinzia. Subira huvuta heri, hata ile isiyokusudiwa.

Hofu yetu, na yake zaidi, ilikuwa kwamba kazi hii ingeondoka na mikono yake. Kwa hiyo Ijumaa alikataa kugusa chochote. Aliketi kwenye kiti kilekile, akaniacha peke yangu na sabuni. Kipimo kilipoonyesha sukari inaingia, nilitoka mbio nimpe habari.

Nilimkuta amelala, kichwa ukutani, uso umetulia. Sikumwamsha.

Ahsante kwa yote, Bi Hamira. Tunakuombea siku ndefu zisizo na kengele. Habari ndiyo hiyo: zimetoka hai. Lala unono, mama.