Udi Niliousingizia

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mtanisamehe, mie ntasema nimekaa. Zamani nikisimama kusema, watu wananiomba nikae. Sasa Mungu amenikalisha mwenyewe. Chekeni, hapa ndipo pa kucheka. Mbele hapachekeshi.

Mie ni wa hapa hapa Kikwajuni. Marehemu mama yangu alikuwa haachani na kopo lake la maji, hata harusini anakwenda nalo. Sisi wanawe tukimwita Bi Mtungi, naye akicheka. Alipokufa tukasema siku zake zimefika. Hakuna aliyetwambia kwamba kiu ile ina jina, na kwamba mtu anaweza kuirithi kama anavyorithi nyumba.

Basi ikaja kwangu. Nnakunywa maji, kiu haikatiki. Chooni siishi kwenda, na nikitoka, sisimizi wanajaa pale. Mie nikawamwagia mafuta ya taa! Nawaambia kweli. Nikapungua, mashoga wakanisifu: "Shoga, umerudi usichana!" Nikafurahi, nikazibana gauni zangu. Tundu la sindano likawa halionekani, nikasema sindano za siku hizi mbovu. Ndala inanivuka njiani, mie sina habari. Nikasema ndala imelegea. Kila kitu nikakipatia wa kulaumiwa, isipokuwa mwili wangu.

Binti yangu akaposwa. Wa pekee, jamani, sina mwengine. Wiki ya harusi nikakaa uani nafukiza nguo zake udi, chetezo cha makaa kipo karibu na mguu, na mazungumzo na mashoga yamenoga. Mara ikatoka harufu mbaya. Nikasema, "Udi gani huu? Yule muuzaji kanitilia wa bandia!" Tukamsema masikini ya Mungu yule, mpaka akakosa pa kushika. Nikatia udi mwengine, harufu ikazidi. Binti yangu akatoka ndani kuuliza nini kinaungua. Akatazama chini.

"Mama! Mguu! Mama, mguu wako!"

Kaa la moto lilikuwa limeniangukia vidoleni, limetulia linaniunguza. Udi ulikuwa mzuri. Ile harufu ilikuwa mie.

Na sikusikia chochote, ndugu zangu. Hata nilipoliona kwa macho yangu, sikusikia. Nililia siku ile kwa kuyakosa maumivu.

Hospitali wakapima, wakasema ni kisukari, na cha siku nyingi. Kidonda kilikataa kupona, kikapanda juu, mguu ukakatwa. Binti yangu akaolewa mie nipo wodini. Alikuja kuniaga na hina zake mikononi, akaegemeza kichwa kitandani kwangu. "Mama, nani atanifukiza?" Mpaka leo nikilikumbuka neno lile, naisukuma sahani.

Nilitaka kufa, sikufichini. Nikawa sili, dawa naficha chini ya mto. Muuguzi mmoja akaziona. Hakunigombeza. Aliushika mguu wangu uliobaki kwa mikono miwili, akasema, "Bibi, huu bado ni wako. Tuuchunge pamoja." Hapo ndipo nilipomeza kidonge changu cha kwanza kwa hiari.

Namshukuru yeye. Namshukuru dada yangu, aliyeacha kutia sukari kwenye chai yake ili nisione wivu. Na nyinyi wenzangu wa kisukari, mlionifundisha kutazama unyayo kwa kioo kila asubuhi, Mungu awape kila la kheri. Langu kwenu ni hili: mwili ukisema, usitafute wa kumsingizia. Na kama mzazi wako alikuwa nayo maradhi haya, usingoje kuumwa. Kapimwe.

Sasa nimalizie. Yule pale nyuma ni binti yangu. Alidhani amenisindikiza tu. Tangu tuingie ameomba maji, akaomba tena, na sasa hivi anayo gilasi mkononi.

Mwanangu, usione nakuaibisha mbele za watu. Muuguzi yupo hapa na kipimo chake. Njoo, mama. Njoo ukae karibu yangu, nikushike mkono. Kiu ya bibi yako tuliicheka. Yako siicheki.