Kura ya Mama Mkwe

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwetu lilikuwa kura. Mke wangu Damari alitaka tumlete mama yake kutoka Igowole. Mimi nilikataa: bafu letu liko nje, na sikuwa tayari kumpita mama mkwe na taulo kiunoni. Kura zikalingana. "Tutarudia kesho," alisema, akazima taa. Hakuamka. Nilipoanza kutoka tena baada ya msiba, nilikwenda kijiweni Mwanjelwa, kwenye benchi la kahawa, nikaliweka swali la kura ile isiyoamuliwa mbele ya wenzangu wawili: Jailos, karani mstaafu wa mahakama tunayemwita Ibara, na Nasri Mchele, muuza mchele wa Ubaruku.

— Umeshinda, mwalimu, alisema Mchele. Mpiga kura umebaki peke yako. Wengi wape!

— Wengi gani, mtu mmoja? alidakia Ibara. Marehemu alishapiga kura yake. Kuna nchi ukipiga kwa posta ukafariki kabla ya siku yenyewe, inahesabiwa.

— Na kuna nchi wanaitupa.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, Mchele! Tena mwalimu sasa ni mgombea binafsi. Katiba yetu haimtambui mgombea asiye na chama, na chama chake kilikuwa ndoa.

— Basi aungane na chama kingine. Anjela wa mgahawani hana mtu.

— Shika adabu!

— Nazungumzia muungano wa vyama, mzee!

Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka.

— Twende Brazili, alisema Ibara. Katiba yao inalazimisha watu kupiga kura, ila ukivuka sabini ni hiari. Mama ana miaka mingapi?

— Sabini na sita.

— Kesi imekwisha. Bafuni apite kwa hiari!

Dada mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja fundi amshonee kiatu, aligeuka.

— Shikamooni baba zangu. Samahani. Huyo bibi mwenyewe, mmemuuliza kama anataka kuja?

Mimi na Damari tulikuwa tumebishana mwaka mzima, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza.

Asubuhi yake nilipanda basi la kwanza hadi Mafinga, nikaunganisha gari la Igowole. Nilimkuta mama mkwe shambani, nikamwamkia nikiwa nimesimama mbali kidogo, kama adabu inavyotaka, kisha nikamuuliza. Alisema nimwache kwanza amalize kupalilia.

Nikavua koti, nikaomba jembe.